Mwenye tuktuk wa Malindi, usitie sahihi Jumatatu

Kaka, simama kwanza. Umesema unaweka rehani logibuku (hati ya umiliki) ya tuktuk ukopeshwe shilingi 200,000 kwa mwaka mmoja, na ajenti amekuambia riba ni "asilimia 5 tu kwa mwezi". Umeuliza pia bima ipi ni nafuu na nani anatoa pesa haraka hapa Malindi. Hayo yasubiri.

Muulize: hiyo 5 inapigwa kwenye deni la mwanzo au kwenye salio, yaani deni lililobaki? Hapo ndipo watu wanapomalizwa. Ikipigwa kwenye deni la mwanzo, kila mwezi unatozwa riba 10,000, hata mwezi wa mwisho ambapo umebakiwa na kipande tu cha deni. Utalipa 26,667 kwa mwezi, jumla 320,000. Asilimia 5 hiyo hiyo ikipigwa kwenye salio, unalipa kama 22,565 kwa mwezi, na riba ya mwaka mzima haifiki 71,000. Karibu 49,000 zimekwenda kwa swali ambalo hukuuliza. Hesabu ya kwanza ukiigeuza iwe riba ya salio, ni asilimia 8 na ushei kwa mwezi.

Tena hiyo 200,000 huioni yote. Kuna ada ya kushughulikia mkopo, traka (kifaa cha kufuatilia tuktuk ilipo), bima, kuhamisha umiliki NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani. Wakikata 30,000 utatoka na 170,000 mfukoni, ilhali riba inahesabiwa kwa 200,000.

Msimu wa wageni ukilala, ukachelewa, ndio balaa. Tuktuk inazimwa kwa traka au inavutwa hadi yadi. Ada ya kuvuta, ya yadi kwa kila siku na faini ya kuchelewa zinaongezwa kwenye deni. Ukipeleka 26,667 yako, soma mkataba uone inakatwa wapi kwanza: kwa kawaida ni ada, kisha riba, na deni lenyewe linabaki pale pale. Na tuktuk ikiwa yadi, hiyo pesa ya kulipa utaipata kwa kazi gani?

Hawa maajenti wananikera sana. Kamisheni yao inaingia siku unapotia sahihi. Ukinyang'anywa tuktuk mwezi wa tano wa mkopo, ajenti keshakula na yuko kwa mwingine. Kumwambia baba wa watoto "asilimia 5 tu" bila kutaja jumla ni dhuluma.

Kwa hiyo shika hili moja: hakuna sahihi bila karatasi yenye jumla ya shilingi zote mpaka logibuku irudi mkononi mwako, malipo ya kila mwezi na salio linalobaki. Si hisani yao. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inamtaka mkopeshaji akupe taarifa ya gharama kwa maandishi kabla au wakati wa kuingia mkataba.

Na tupige kelele pia. Marekebisho ya 2021 ya Sheria ya Benki Kuu yaliwaweka wakopeshaji wa mitandaoni chini ya Benki Kuu. Wengine wasiopokea amana wameguswa na sheria ya Desemba 2024. Sasa kanuni ziwe na meno: karatasi hiyo iwe ya Kiswahili, ukurasa mmoja, na riba itajwe kwa salio pekee. Benki zinabanwa na kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki: mkopo ukishaharibika, yaani haulipwi tena, riba inayodaiwa haiwezi kupita deni lililokuwepo wakati huo. Kila mkataba wa logibuku uandikwe kikomo hicho waziwazi. Mwambie mbunge wako, na ukidhulumiwa iandikie Benki Kuu barua, usipige simu tu.

Kabla ya Jumatatu pita sacco iliyo kwenye orodha ya SASRA, mamlaka inayosimamia sacco. Ukipata ya asilimia 1 kwa salio, 200,000 hizo hizo ni kama 17,770 kwa mwezi, riba ya mwaka 13,000 na kidogo. Itakutaka uweke akiba kwanza na utafute wadhamini, utachelewa miezi kadhaa. Chelewa.