Snokeli yangu ni ya kweli au ni pambo?

SWALI: Ndugu Mhariri, nimenunua Land Cruiser iliyotumika yenye snokeli (bomba la kuipa injini hewa kutoka usawa wa paa) na winchi (mashine ya kamba ya kulivuta gari likikwama), lakini wenzangu wenye magari ya aina hiyo wananiambia kuwa vyote ni urembo mtupu. Nitajuaje kabla sijaenda nayo Ziwa Natron wakati wa masika?
Msomaji, Soweto, Moshi

JIBU: Ndugu msomaji, anza na snokeli, maana ndiyo inayoweza kukuulia injini. Washa gari, liache lingurume bila kukanyaga mafuta, kisha ziba mdomo wa snokeli kwa kiganja. Ikiwa bomba limeunganishwa sawasawa hadi kwenye kasha la chujio la hewa, utahisi kiganja kikivutwa na injini itakosa pumzi mpaka izime. Ikiendelea kunguruma kana kwamba hukuigusa, ujue inapata hewa kwingine, na maji nayo yatapita huko huko.

Niliwahi kulipokea hapa Arusha gari lililovutwa kutoka korongo moja la njia ya Engaresero, kijiji cha karibu na Ziwa Natron, nikakuta snokeli imebandikwa kwa gundi na skrubu nne juu ya bodi ambayo haikutobolewa kabisa. Hewa hubanika ndani ya silinda, lakini maji yaliyoingia humo hayabaniki. Pistoni ilipopanda iligota, na rodi mbili, yaani vyuma vinavyoisukuma pistoni, zikapinda. Dereva yule aliingia kwenye maji ya kina kile kwa sababu aliiamini snokeli, na ndiyo maana naiona ya bandia kuwa mbaya kuliko kutokuwa nayo.

Winchi iwe imefungwa kwa bolti kwenye chasisi, na nguvu yake ifikie angalau mara moja na nusu ya uzito wa gari likiwa na mzigo: tani 3 zinahitaji winchi ya tani 4.5. Stika na rimu sina ugomvi nazo, gari ni lako.

Ninalokusihi zaidi ni jambo ambalo wenzako hawataliona, yaani mirija ya kupumulia ya difu, lile kasha la gia lililo kwenye ekseli. Difu iliyopata moto barabarani ikizama ghafla katika maji baridi, hewa iliyomo hunywea na kuvuta maji kupitia kwenye tundu la kupumulia au kwenye sili, nayo oili hugeuka rangi ya maziwa. Mwambie fundi aunganishe mpira mrefu na kuupandisha mpaka juu ya injini. Ukirudi kutoka Natron, hata kama gari halikukusumbua, fungua nati ya kujazia difu, chovya kidole na uitazame oili mchana kweupe.