Nyumba inayohama kiwanjani

SWALI: Ninasanifu nyumba ya vyumba vitatu Mukono, kiwanja cha futi 50 kwa 100 penye mteremko. Ramani bado ni rasimu. Nilimvalisha mteja miwani ya uhalisia mseto, ile inayoonyesha picha ya kompyuta juu ya mazingira halisi, ili aione nyumba pale pale kwa ukubwa wake. Mbele ilikaa sawa, lakini tulipofika nyuma ilikuwa imehama nusu mita na kuingia kwa jirani. Tena mama huyo akalalamika kwamba vyumba ni vidogo. Kosa liko wapi?
Msanifu chipukizi, Kampala

JIBU: Inaelekea uliipachika modeli, yaani ile nyumba ya kompyuta, kwa nukta moja, kisha ukaigeuza kwa kukadiria na jicho. Kiwanja chako kina urefu wa mita 30 hivi. Pembe ikipotoka digrii 1 tu huku mbele, kule nyuma umeshakosea sentimita 52. Piga vigingi viwili kwenye kona za mpaka zilizo mbalimbali kabisa, pima kati yake kwa tepu, tia alama hizo hizo ndani ya modeli, uzilinganishe zote mbili. Kigingi cha tatu kiwe cha kukagulia tu. Kikipishana na modeli zaidi ya sentimita 10, rudia.

Kuna na la ardhi. Kamera za miwani hujua zilipo kwa kushika vitu vilivyotulia na vyenye kingo zinazoonekana wazi. Nyasi zinayumba, na udongo mwekundu uliosawazishwa hauna cha kushikwa. Fyeka, kisha panga jerikeni za njano na matofali kila baada ya hatua nne au tano, na mtu asiviguse mpaka mmalize.

Nendeni kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi na moja jioni, kwa sababu jua kali hufifisha picha. Na tafadhali sana, miwani isilazwe lenzi za upande wa macho zikitazama juu: hukusanya jua na kuunguza skrini ndani ya muda mfupi, na doa lile halitoki.

Kuhusu vyumba, usikimbilie kuvipanua. Chumba kisicho na dari, kikizungukwa na uwazi, huonekana kidogo hata kikiwa sawa; msingi mtupu hudanganya vivyo hivyo. Ndani ya chumba cha futi 10 kwa 12, zungushia uzi umbo la kitanda cha futi 5 kwa 6, kichwa kikiegemea ukuta wa futi 10. Kila ubavu zinabaki futi 2 na nusu. Mama apite hapo mwenyewe.

Angalia pia usawa wa sakafu. Penye mteremko, akisimama chini ya sakafu iliyochorwa, madirisha humpita kichwa. Andaa faili mbili: moja sakafu imeshushwa hadi miguuni, ya kutazamia ndani, nyingine kwa usawa wake halisi, ya nje, aone ngazi na ukuta wa kuzuia udongo, maana huko ndiko pesa zinakokwenda.

Modeli iwe ya kijivu, bila vigae wala pazia, la sivyo mtajadili rangi asubuhi nzima. Akitaka ukuta usogee, sogeza uzi hapo hapo, pima, ndipo urekebishe ramani.