Hukumu ya shamba imetolewa bila mimi kuitwa: nianzie wapi?

SWALI: Ndugu mshauri wa sheria, baada ya mume wangu kufariki, shemeji yangu alinifungulia shauri la shamba la ekari tatu katika Baraza la Ardhi na Nyumba la wilaya yetu. Sikupata wito wowote. Wiki iliyopita dalali alikuja na amri ya kunitoa shambani, ndipo nikajua kwamba shauri lilisikilizwa upande mmoja na hukumu ina siku 41 tangu itolewe. Katika jalada nimeonyeshwa kiapo cha mpeleka wito, anayesema alinikuta nyumbani tarehe 14 nikakataa kupokea samansi, ilhali siku hiyo nilikuwa nimelazwa hospitalini. Je, nikate rufaa Mahakama Kuu?

Msomaji, Morogoro

JIBU: Pole sana, mama. Usianze na rufaa, kwa sababu utaulizwa kwa nini hukurudi kwanza katika baraza lililotoa hukumu. Kanuni ya 11 ya Kanuni za Mabaraza ya Ardhi na Nyumba za mwaka 2003 inaruhusu shauri lisikilizwe upande mmoja pale tu mjibu maombi (yaani aliyefunguliwa shauri) anapokosa kufika ilhali alipewa taarifa ipasavyo au aliijua tarehe. Na kanuni hiyohiyo inampa asiyeridhika siku 30 za kuomba hukumu ya upande mmoja iondolewe. Baraza likikataa, hapo ndipo unapokwenda Mahakama Kuu.

Kwa kuwa siku 30 zimepita, tangulia na maombi ya kuongezewa muda, na katika kiapo chako ueleze kila siku ya ucheleweshaji: lini dalali alifika, lini uliliona jalada, lini ulimwona wakili. Siku moja isiyoelezwa inaweza kuyaangusha maombi yote.

Nakusihi usiitumie nafasi hiyo kueleza kwamba shamba ni la marehemu mumeo. Wajane wengi hukosea hapo, kwa uchungu unaoeleweka kabisa. Hoja yako sasa ni wito peke yake. Ambatisha fomu ya kuruhusiwa kutoka hospitalini inayoonyesha siku uliyolazwa na siku uliyotoka, na kama mwenyekiti wa kitongoji anajua kwamba hukuwapo, ale kiapo chake mwenyewe, kwa maana maneno yake yakiwa ndani ya kiapo chako tu yatahesabiwa kuwa ya kusikia kwa mtu mwingine. Omba pia mpeleka wito aitwe ahojiwe juu ya hiyo tarehe 14.

Angalia tena katika jalada kama ulipewa taarifa ya siku ya hukumu. Hata ambaye shauri lilisikilizwa bila yeye kuwapo anastahili kujulishwa tarehe hiyo.

Haki ya kusikilizwa imo katika ibara ya 13(6)(a) ya Katiba, na katika shauri la Mbeya-Rukwa Autoparts Mahakama ya Rufani ilisema wazi kwamba hiyo ni haki ya msingi ya kikatiba. Uamuzi uliotolewa kwa kuivunja hubatilishwa, hata kama matokeo yangekuwa yaleyale.

Haya yote yatakuwa kazi bure shamba likishakabidhiwa, kwa hiyo siku hiyohiyo unapowasilisha maombi, wasilisha chini ya hati ya dharura (inayoomba usikilizwe haraka) ombi la kusimamisha utekelezaji wa hukumu, na amri ikitoka hakikisha dalali anapelekewa nakala na anasaini kuipokea.