Kingamwili imeshika, mbona seli hazifi?

Swali: Shikamoo Daktari. Nasoma shahada ya pili ya biokemia na natamani kufanya utafiti wa kutibu saratani kwa kingamwili. Nina kingamwili ya panya inayoshika seli za saratani barabara. Kwenye hadubini zinang'aa kijani pembezoni. Lakini miezi mitano sasa seli zinaendelea kugawanyika tu. Nimekosea wapi, au kazi hii si yangu?

Jibu: Marahaba. Hujakosea, kushika ni jambo moja, kuua ni jingine. Kingamwili ni protini ya kinga yenye umbo la Y: mikono miwili hushika, mkia huita seli za kinga zije kuua. Sahani yako ina seli za saratani peke yake, kwa hiyo mkia unaita na hakuna wa kuitika. Zipo kingamwili zinazoweza kuzuia ukuaji zenyewe, kama dawa ya trastuzumabu inayoziba HER2, kipokezi juu ya seli kinachoihimiza ikue, ingawa nayo huita pia.

Jaribu hivi. Ongeza seli nyeupe za damu ya binadamu, ndizo za kinga, 25 kwa kila seli moja ya saratani, uache saa nne kwenye nyuzi 37. Seli iliyotobolewa huvujisha vimeng'enya kwenye maji ya kuoteshea, navyo hupimika. Tenga vishimo vya sahani vyenye kingamwili isiyoshika chochote, uvilinganishe na vya kingamwili yako. Bila hivyo utajidanganya, nami nimeshuhudia mwaka mzima wa mtu ukipotea hivyo.

Halafu kuna huyo panya. Mikia mingi ya kingamwili zake haitambuliwi vizuri na seli zetu za kinga, na mgonjwa akichomwa, mwili huziona ngeni na kuzishambulia. Wanasayansi Köhler na Milstein walibuni njia ya kuzalisha kingamwili za aina moja mwaka 1975. Rituksimabu, kingamwili ya kwanza kuidhinishwa Marekani kwa saratani, ilikuja 1997. Miaka 22! Panya alichangia sana ucheleweshaji huo. Rituksimabu ilibaki na ncha za mikono ya panya, ikapewa mkia wa binadamu.

Kuhusu kazi: aliyekwama miezi mitano na bado anauliza kwa nini, namtaka maabarani. Biokemia unayo, kwa uzamivu tafuta wanaimunolojia, yaani wataalamu wa kinga ya mwili, ujifunze kwao kutunza seli za kinga, maana hufa upesi mikononi mwa mgeni.

Ila kabla ya kuomba damu, fungua daftari uone kingamwili yako ni ya kundi gani. IgG1 ya panya huita kwa unyonge. Kama ni IgG2a, inayoita vizuri zaidi, anza jaribio wiki hii.