Jibu: Tarehe ya kuhaririwa ikae wapi?

Ndugu, umeuliza kwa nini Uhuru Park, bustani ya Nairobi, kwenye ramani yako ya mada (topic map, yaani mtandao wa mada na maelezo yake) ina tarehe mbili: 1969 ilipofunguliwa, na ile ukurasa wa wavuti unaoielezea ulipohaririwa. Shida ni anwani ya ukurasa. Umeiweka kama mahali mada ilipo, kwa hiyo kwa mujibu wa ISO 13250, kiwango cha kimataifa cha ramani za mada, mada hiyo ni ukurasa wenyewe, na mada zenye anwani moja ya aina hiyo huunganishwa. Ihamishe iwe kitambulishi cha bustani, yaani anwani inayoonyesha tu ni kitu gani kinachozungumziwa. Kisha uundie ukurasa mada yake, anwani ikae pale kama mahali, pamoja na tarehe ya kuhaririwa. Chanzo cha 1969 je? Usikibandike kwa bustani tafadhali. Igeuze kauli kwamba ilifunguliwa 1969 iwe mada, ukiambatishe hapo.