Bangi, mimba na maziwa ya mama: majibu kwa wasomaji

Shikamoo daktari. Mimba yangu ina wiki tisa, natapika kutwa kucha. Wifi yangu anasema nivute bangi kidogo, eti inakata kichefuchefu. Nimsikilize?

Marahaba, mwanangu. Usimsikilize. Kilevi kilichomo kwenye bangi, THC, hupita kondo la nyuma hadi kwa mtoto, wakati ubongo wake ndio unajengwa. Wanaotumia bangi wakiwa wajawazito huzaa watoto wenye uzito pungufu au njiti mara nyingi zaidi kuliko wasiotumia. Ushauri wa wifi yako umeenea. Mwaka 2018 ulichapishwa utafiti kutoka Colorado, Marekani: mtu alipigia simu maduka 400 yanayouza bangi kihalali huko akijifanya mjamzito anayetapika, na karibu asilimia 70 yakamshauri aitumie. Inaniumiza, kwa sababu aliyezoea bangi miaka mingi anaweza kutapika kwa sababu ya bangi yenyewe, akadhani ni mimba, akazidi kuvuta. Ukiona kutapika kunatulia kila unapooga maji ya moto, huenda ni kule kunakoletwa na bangi: mwambie daktari.

Dawa salama zipo. Ulizia vitamini B6 kliniki, tumia tangawizi, kula kidogo kidogo bila kuacha tumbo likae tupu. Hata maji yakigoma kukaa tumboni, au mkojo ukiwa mchache na mweusi, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Nilivuta kabla sijajua nina mimba. Nimeshamharibu mtoto?

Usijihukumu hivyo. Kuvuta mwanzoni hakumaanishi mtoto ameharibika, na kuacha sasa kunamsaidia kweli. Acha leo, na sigara pia. Kisha mweleze mkunga wako ukweli wote ili afuatilie ukuaji wa mtoto kwa karibu. Ukishindwa kuacha peke yako, sema. Uraibu ni ugonjwa unaotibika.

Nanyonyesha. Nikivuta usiku, nikakamua na kumwaga maziwa ya asubuhi, si inatosha?

Haitoshi. Pombe huondoka kwenye maziwa kadiri inavyoisha kwenye damu, lakini THC hujificha kwenye mafuta ya mwili na kutoka polepole. Watafiti wa San Diego, Marekani, waliikuta kwenye maziwa hadi siku sita baada ya mama kutumia mara ya mwisho, na kwa watumiaji wa kila siku huchelewa zaidi. Kumwaga maziwa ya mara moja hakumkingi mtoto. Kuila kwenye keki au chai nako hakusaidii, kwa maana inaishia kwenye damu ileile. Cha kuacha ni bangi. Maziwa yako mtoto anayahitaji, hivyo usimwachishe ziwa kabla ya kuongea na mhudumu wa afya.

Mimi sivuti, ila mume wangu huvuta chumbani tunamolala na kichanga.

Avutie nje, mbali na dirisha, abadili shati na kunawa kabla ya kumbeba mtoto. Na akishavuta, asilale kitanda kimoja na kichanga: aliyelewa anaweza kumlalia bila kujua.