Luquillo na watoto: maswali yenu baada ya Pasaka

Nilipodokeza kwamba Pasaka hii tulimpeleka mama yangu na watoto watatu kwenye ufukwe wa Luquillo, kaskazini mashariki mwa Puerto Rico, sikujua ningefungulia meseji mlango. Hazijakatika mpaka leo. Jina kamili la ufukwe ni Balneario La Monserrate. Kule "balneario" ni ufukwe wa umma uliowekewa huduma. Najibu maswali yaliyojirudia zaidi, na kwa kuwa wengi wenu mko Marekani, naanza na makaratasi.

Dada, mimi nina grini kadi, mume wangu ni raia, watoto wamezaliwa hapa. Tunahitaji pasipoti? (Mama Pacha, Houston)

Hapana. Puerto Rico iko chini ya Marekani tangu 1898, kwa hiyo ukipanda ndege Houston unasafiri ndani ya nchi. Mumeo aangalie leseni yake: tangu tarehe 7 Mei 2025 inayotakiwa uwanjani ni ile ya REAL ID, yaani iliyotolewa kwa masharti ya serikali kuu, nyingi zina alama ya nyota kwenye kona. Kama hana, abebe pasipoti. Wewe beba grini kadi yenyewe, si picha yake kwenye simu. Watoto walio chini ya miaka 18 wakiwa na mkubwa hawadaiwi kitambulisho kwa safari ya ndani.

Mwenye kesi ya kuomba hifadhi ya ukimbizi au karatasi zilizokwisha muda aongee na wakili kabla ya kukata tiketi, asinitegemee mimi. Na waliouliza kuhusu bibi anayetoka Moshi au Mombasa: visa ya Marekani ndiyo hiyo hiyo.

Jambo moja la kurudi. Uwanjani San Juan mizigo yote inapita kwanza kwenye mashine ya ukaguzi wa kilimo, na embe, mbichi au mbivu, haziruhusiwi kwenda Marekani bara. Kuleni huko huko.

Mwanangu ana miaka minne na anaogopa mawimbi. Mimi mwenyewe nimekulia Dodoma, kuogelea sijui. Patatufaa? (Baba Neema, Columbus)

Baba Neema, hapo ndipo Luquillo ilipoziacha nyuma fukwe zote nilizowahi kupeleka watoto. Pwani imejikunja kama mwezi mwandamo, na mbele yake kuna matumbawe yanayoyavunja mawimbi kule kule mbali, hivyo maji yanayofika mchangani yameshachoka. Kina kinaongezeka taratibu. Kitindamimba wangu, ambaye nyumbani hata bomba la mvua analililia, alikaa kitako kwenye maji ya kiunoni akijaza ndoo na kumwaga, akijaza na kumwaga, mpaka vidole vikasinyaa.

Aliyepata tabu ni mama. Yeye ni mtu wa Pangani, pwani ya Tanzania. Kabla hajavua hata viatu akauliza maji yanakupwa saa ngapi. Nikamwambia hapa hayakupwi, au yanakupwa kidogo mno. Akaniangalia kama nimemvunjia heshima. Akachukua mkeka akautandika juu kabisa, akachomeka kijiti pale maji yalipoishia, akakaa kukilinda. Ilikuwa saa tatu asubuhi. Saa tisa alasiri maji yalikuwa yamesogea hatua mbili tatu, basi. Tofauti ya kujaa na kupwa upande ule haifiki nusu mita, wakati kwetu siku za bamvua inakaribia mita nne. "Bahari gani hii haivuti pumzi?" akasema, akakizoa kijiti chake.

Kwa mzazi hiyo ni raha: huna ratiba ya maji, na mtoto uliyemwacha kwenye maji ya magotini hutamkuta kwenye maji ya shingo. Ila nisikilize vizuri. Utulivu huo ni wa ndani ya kile kikombe tu. Ukifuata pwani kuelekea mjini utafika La Pared, ufukwe wa vijana wa mbao za mawimbi. Huko bahari ni nyingine, ina mikondo ya kuvuta, hasa miezi ya baridi mawimbi ya kaskazini yanapoamka. Watu wanahama hapa kwenda pale kwa sababu maegesho yamejaa, wakidhani ni maji yale yale. Wewe usiyejua kuogelea kaa mbele ya kibanda cha waokoaji, na uwaulize walioko zamu lolote linalokutia shaka.

Kuna vyoo vya maana? (wengi mno)

Vipo, pamoja na mabomba ya kujisuuza chumvi, sehemu za kubadilisha nguo, meza za kulia kivulini, na maegesho ya kulipia dola chache. Karatasi ya chooni bebeni ya kwenu, ya mama haikosi mkobani hata kwenye harusi. Mwavuli na viti unaweza kukodi, lakini kivuli cha minazi ni cha bure. Tazama tu juu kabla ya kutandika.

Mama yangu anatumia kiti cha magurudumu. Ataishia kutuangalia kutoka kwenye gari? (Salma, Toronto)

Salma, hapa ndipo mahali pake. Luquillo ina sehemu iliyotengenezwa kwa ajili hiyo, inaitwa Mar Sin Barreras, yaani bahari isiyo na vizuizi: njia ya mteremko inayoingia mpaka majini, na viti maalumu vya kuelea. Pigeni simu siku moja kabla mjue kama viti vipo na mhudumu yupo, maana mama akishavishwa nguo za kuogelea huwezi kumwambia turudi. Na kwa kuwa mnatoka Kanada, ninyi mtabeba pasipoti.

Sisi ni Waislamu. Chakula tutapata? Na naweza kuingia majini na nguo zangu ndefu? (Umm Sauda, Minneapolis)

La nguo ni jepesi: ingia ulivyo. Watu wengi pale wanaogelea na fulana na suruali zao, na hakuna aliyegeuza shingo kumtazama dada mmoja wa Kisomali niliyemkuta kavaa vazi zima.

Chakula kinataka macho. Kando ya ufukwe, kwenye barabara namba 3, kuna vibanda kama 60 vilivyopangwa mstari mmoja na kupewa namba. Ukiingia unahisi uko Forodhani ya Zanzibar usiku wa vyakula, ila kaanga ndiyo mfalme badala ya mishikaki. Kuna bacalaíto, chapati pana ya unga iliyochanganywa na samaki mkavu wa chumvi. Mama alionja akasema wameukaanga ng'onda. Kuna alcapurria, donge la ndizi mbichi na jamii ya magimbi, ndani nyama au kaa. Kuna tostones, ndizi mbichi inayokaangwa, ikapondwa bapa, ikakaangwa tena.

Tatizo ni nguruwe, maana anajificha. Wali wao mashuhuri, arroz con gandules, ni wali wa mbaazi, na mkono wako utaukimbilia kwa kudhani uko nyumbani. Kwa kawaida umepikwa na vipande vya nguruwe. Maharage nayo hivyo hivyo. Hata ndizi tupu inaweza kuwa imepita kwenye mafuta yaliyokaangiwa nyama. Jifunze maneno mawili: "cerdo" ni nguruwe, "manteca" ni mafuta yake. Uliza yote mawili, kwa sababu anayekujibu hakuna cerdo huenda hakuyafikiria mafuta. Samaki mzima wa kuchoma, saladi na dafu vitakutosha. Sisi siku ya pili tulikuja na wali wetu kwenye hotipoti, na meza zile ni za nani kama si za hotipoti.

Tunaweza kwenda bila kukodi gari? (Kaka Juma, Boston)

Kwenda, ndiyo. Kurudi ndiyo shughuli. Treni ya San Juan haitoki nje ya jiji na vitongoji vyake, na teksi za simu zilizojaa tele uwanja wa ndege huzioni kabisa Luquillo jioni. Ufukwe uko kama kilomita 40 kutoka uwanjani, kwa hiyo mkiwa watu wanne gari la kukodi halitawaumiza. Usishangae barabarani: umbali umeandikwa kwa kilomita, mafuta yanauzwa kwa lita, lakini vibao vya mwendo ni vya maili. Shemeji yenu aliona 55 akatambaa kama anapeleka maiti, magari nyuma yanapiga honi.

Pochi na simu msiache ndani ya gari.

Twende mwezi gani? (Mama Watatu, Nairobi, na wengine)

Si Wiki Kuu, kama mnaweza kukwepa. Sisi hatukukwepa. Ijumaa Kuu tulijivuta hotelini, tukafika saa tano, kisiwa kizima kimetutangulia na redio zao na majiko yao ya mkaa. Tulizunguka kutafuta maegesho mpaka watoto wakalala. Kesho yake tukafika saa mbili na nusu, tukachagua mnazi. Kumbukeni pia kwamba ufukwe huu una saa zake, unafungwa jua lingali juu, si mahali pa kusubiri magharibi.

Msimu wa vimbunga ni kuanzia 1 Juni hadi 30 Novemba, na mbaya zaidi ni Agosti mpaka Oktoba. Kimbunga Maria kilipiga tarehe 20 Septemba 2017, na mwenyeji ukimtajia tarehe hiyo atakaa chini akusimulie. Masika na kiangazi cha kule kuna jambo jingine: mwani wa kahawia uitwao sargasso, ambao tangu 2011 unakuja Karibea kwa mafungu makubwa. Ukioza unanuka kama yai viza. Mwani wa Paje na Jambiani kule Zanzibar ni mali, huu ni wa kuzolewa kwa koleo. Angalieni picha za wiki hiyo kabla ya kulipia. Mimi ningechagua Januari hadi mwanzoni mwa Machi, nikikubali maji yaliyopoa kidogo.

Mkijikuta huko tarehe 23 Juni, mkesha wa Mtakatifu Yohana, nendeni pwani yoyote usiku. Saa sita kamili watu wanaingia baharini kinyumenyume, wakijitupa chali mara kadhaa ili kuuacha mkosi majini. Bibi zetu wangewaelewa.

Mvua ikinyesha je? (Baba Neema tena)

Itanyesha. Nyuma ya ufukwe kuna El Yunque, msitu pekee wa mvua wa kitropiki katika misitu ya taifa ya Marekani, na mawingu yake hayaulizi ratiba yako. Mara nyingi ni nusu saa, kisha jua. Ikigoma kukatika, rudini taratibu kupitia Loíza, mji wa vizazi vya Waafrika waliokuwa watumwa hadi 1873. Vinyago vyao vya sikukuu ya Julai vinachongwa kwenye makumbi ya nazi, vina pembe na meno, na watoto wangu hawakutaka kutoka kwenye karakana.

Mnazi wa kule ni kama wetu? (Bi Mwanaisha, Muscat)

Bi Mwanaisha, shikamoo. Ni ndugu wa damu. Utafiti wa vinasaba wa mwaka 2011 ulionyesha kwamba minazi ya upande wa Atlantiki ni ya ukoo wa Bahari ya Hindi. Wareno ndio walioivusha mpaka pwani ya magharibi ya Afrika, na kutoka huko ikaingia Karibea.

Dafu lao wanalitia kwenye barafu, wanaliita coco frío. Mama alilishika akalirudisha: la baridi hivyo litamuumiza koo. Muuzaji hakujua Kiswahili na mama hajui Kihispania. Akanywa hivyo hivyo, alipomaliza akamwonyesha kwa kiganja kwamba alipasue. Mzee yule akalipiga panga moja, likagawanyika, kisha akakata kipande cha kumbi pembeni akakilainisha ncha na kumkabidhi, kijiko kile kile cha Pangani.